Bei ya Haki ya Datsun Z Iliyozeeka

Datsun 240Z ikiingia karakana ya Kaloleni na mwenyewe akauliza thamani yake, watu wote hukimbilia boneti. Injini inapigwa starti, silinda sita zinanguruma, na bei inaanza kutajwa kwa kufuata mngurumo. Mimi huomba injini izimwe kwanza. Kisumu hatuna uhaba wa watu wa kufungua injini, kubadilisha ringi na kusafisha kabureta. Kigumu kupata ni bodi yenye bati zima na hati zisizo na doa. Kwa gari la kimichezo lililotimiza nusu karne, bei ya haki inatoka kwenye viwili hivyo. Injini inafuata nyuma.

Nissan ilianza kuunda 240Z mwaka 1969 na kuiacha 1973, ikafuatiwa na 260Z. Kwetu gari hili lilipata heshima yake kwenye vumbi na matope. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971, kisha Shekhar Mehta na Lofty Drews mwaka 1973. Mehta, ambaye familia yake ilikuwa imefukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka mmoja kabla, alilingana pointi na Harry Källström wa Datsun 1800 SSS, ikabidi mshindi apatikane kwa kuangalia nani alikwenda mbali zaidi bila kupoteza pointi. Hata mnunuzi ambaye hakuwa amezaliwa wakati huo hununua na kumbukumbu hiyo. Isitoshe, Kenya hairuhusu gari lililozidi umri wa miaka minane kuingizwa nchini, kwa hiyo mnunuzi wa kawaida hawezi kuagiza nyingine kutoka Japani. Zilizobaki ndizo hizo, na kila inayokatwakatwa kuwa vyuma chakavu inazipunguza.

Basi turudi kwenye bati. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi, na gari lililokulia Kisumu limeepushwa na ile hewa ya bahari inayoyala magari ya Mombasa. Lakini tuna joto, unyevunyevu, mvua za jioni, na ule udongo mweusi wa Kano unaojishindilia ndani ya madigadi na kukaa humo umelowa kwa wiki nyingi. Datsun za miaka hiyo zilitoka kiwandani na bati jembamba na kinga hafifu dhidi ya kutu. Funga sumaku ndogo kwa kitambaa laini isikwaruze rangi, uipitishe sehemu ya chini ya madigadi ya mbele, nyuma ya gurudumu, kisha chini ya milango na juu ya magurudumu ya nyuma. Ikikataa kushika, hapo chini ya rangi kuna fila tupu. Toa betri utazame bati inayokalia, kwa sababu asidi ikimwagika huanza kula hapo na kushuka chini. Inua kapeti. Fungua mlango wa nyuma uangalie kingo zake. Mwisho lala chini ya gari, na kama mwenye gari hataki ulale chini ya gari lake, mshukuru kwa chai uondoke.

Tundu la sakafuni halinitishi. Fundi wa bodi wa hapa Kaloleni anakata bati, anakunja na kuchomelea, na akiwa makini huoni alipopita. Zile reli za chini zinazobeba uzito wa gari ni jambo jingine kabisa. Z haina chesisi ya kutenganishwa na bodi. Reli hizo zikioza au zikipondwa na jeki na mawe ya murram, gari zima hupinda. Utaligundua hilo kwenye nafasi kati ya mlango na bodi: juu kidole kinapita, chini hakipiti. Gari la namna hiyo mimi hulithamini kwa spea zake tu, hata kama rangi yake inang'aa.

Vitu vidogo navyo huumiza mfuko kuliko watu wanavyodhani. Kioo cha mbele, mipira ya madirisha, taa za nyuma na dashibodi isiyopasuliwa na jua havipatikani kwa urahisi. Vitatoka ng'ambo, vilipiwe usafiri na ushuru, na vingine vifike vikiwa si saizi. Gari chafu lenye vitu hivi vyote lina thamani kuliko lililopakwa rangi mpya huku limepungukiwa navyo.

Kuhusu injini, pima mgandamizo wa hewa kwenye silinda zote sita. Mimi hutazama tofauti kati yake kuliko ukubwa wa namba yenyewe. Silinda ya chini ikiachwa na ya juu kwa zaidi ya asilimia 15 hivi, andika gharama ya kufungua injini. Kisha soma chuma. Injini ya asili ya 240Z ina maandishi L24, na namba ya bodi ya gari lenye usukani wa kulia huanza na HS30, imegongwa kwenye ukuta kati ya injini na abiria. Ukikuta injini nyingine, gari linaweza kukimbia vizuri tu, lakini si lile lile, na bei lazima ishuke.

Sasa hesabu. Nichukue tarakimu za mfano tu, zisigeuzwe bei ya soko. Tuseme Z nzima, inayoendeshwa kila Jumapili bila wasiwasi, imenunuliwa kweli kwa shilingi 2,500,000. Nasema imenunuliwa, maana bei anayotaja muuzaji haijamtoa mtu pesa bado. Yako inahitaji kazi ya shilingi 1,100,000 ili ifike hapo. Ukitoa, inabaki 1,400,000. Toa tena theluthi ya gharama ya kazi, karibu 370,000, kwa ajili ya yale yatakayoonekana rangi ikishakwanguliwa. Unabaki na takriban 1,030,000. Wengi huiruka hatua hii ya mwisho, na kuiruka huko ndiko huacha magari nusu yamefunguliwa nyuma ya nyumba miaka na miaka.

Mtu atakuonyesha simu yake kwamba Januari 2020 Datsun 240Z ya 1971 iliuzwa Marekani kwa dola 310,000. Ni kweli. Gari hilo lilikuwa limetembea maili 21,000 hivi tu na hali yake ilikuwa ya nadra sana. Lako likiwa limebeba mizigo kutoka Ahero na kupakwa rangi mara tatu, bei ile haikuhusu. Vivyo hivyo kwa anayedai gari lake lilikimbia Safari: aonyeshe picha ya wakati ule ambayo namba ya usajili inasomeka, na namba hiyo ilingane na ya kwenye hati. Bila hivyo, ongezeko la bei kwa ajili ya hadithi ni sifuri.

Nimeacha hati mwisho kwa sababu ndipo watu huumizana. Magari haya mara nyingi ni ya marehemu. Yamefunikwa turubai uani, logibuku ina jina la mzee aliyezikwa zamani, na mama mwenye nyumba anataka ada ya shule ya wajukuu. Broka anamwambia ni chuma chakavu, anampimia kwa kilo. Huo ni wizi, na fundi akinyamaza ameshiriki. Mama huyo ana haki ya kufanyiwa hesabu ile ile ya juu, aelezwe kila shilingi inayopunguzwa na sababu yake.

Mnunuzi naye alindwe. Sheria ya urithi ya Kenya inakataza asiye na idhini kuuza mali ya marehemu, na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, haitahamisha umiliki kwa maneno ya jirani. Familia ipate hati ya usimamizi wa mirathi mahakamani, au kwa Kadhi ikiwa ni Waislamu na wamekubaliana, jambo linaloweza kuchukua miezi mingi. Wakati huo bei iandikwe na kutiwa sahihi, amana iwekwe kwa wakili, na gari libaki pale pale uani, betri ikiwa imetolewa na turubai likifunuliwa siku za jua ili unyevu utoke.