Nani Amemshtua?

“Ukifika Tengeru, nishtue.” Kwenye kijiwe cha bodaboda pale Nduruma kauli hiyo haimtishi mtu. Maana yake ni nipigie, nijulishe.

Kushtuka, kwa asili yake, ni kutoka ghafla katika utulivu. Ndiyo maana mtu hushtuka usingizini, mguu ulioteguka husemwa umeshtuka, betri iliyolala hushtuliwa, na aliyebaini kwamba watu wanataka kumtapeli husema, “Nimewashtukia.” Hofu inaweza kuwamo, inaweza isiwemo. Kushangaa ni habari nyingine: mwili unatulia, macho yanabaki kodo. Mtoto aliyetumwa dukani akachelewa huulizwa alikuwa anashangaa nini huko njiani, wala hakuna kilichomshtua.

Majina ya sauti nayo yana mipaka yake. Mto Nduruma ukijaa wakati wa masika huvuma, jiwe likiporomoka humo hutoa kishindo, pampu ya kumwagilia hunguruma. Sauti zote tatu zaweza kuitwa kelele, kwa sababu kelele ni hukumu ya msikilizaji. Mwalimu anayeingia darasani na kutamka “Kelele!” anadai kimya, na watoto wanamwelewa mara moja.

Nikirudi kwenye kushtuka, linalonikera ni “mshtuko wa moyo”. Jina hilo limewaaminisha wengi kwamba ugonjwa huo huletwa na taarifa mbaya, kana kwamba moyo umetishwa. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba mshipa unaolisha misuli ya moyo umezibwa na donge la damu, mahali ambapo mafuta yalikuwa yamejijenga kwa miaka mingi ndani ya ukuta wa mshipa. Misuli inakosa oksijeni, inaanza kufa. Habari nzito yaweza kuuchochea ugonjwa kwa mtu ambaye mishipa yake imekwisha kuharibika. Lakini shinikizo la damu, kisukari na sigara ndivyo vilivyoiandaa njia. Mgonjwa aweza kupatwa akiwa amekaa sebuleni anakunywa chai, hajasikia lolote baya.

Hapo ndipo tafsiri ya neno inapogharimu uhai. Ndugu wanaanza kuulizana nani kamwambia nini, na dakika zinakwenda.

Mkimwona mtu ameshika kifua, anasema kinambana, maumivu yanapanda begani au kwenye taya, jasho jembamba linamtoka na pumzi inamwishia, msimtafute aliyemshtua. Tafuteni gari, mwahisheni hospitali.