Kibanda cha kulindia mpunga: mtoto akae salama, na shule isipotee



Kila mara mpunga unapotoa masuke katika uwanda wa Ruzizi, tunaopita mashambani kati ya Kamanyola na Uvira tunajua bila kuuliza. Tunasikia makelele ya watoto toka alfajiri, mikebe inalia, mawe yanaruka. Ndege wamefika, na watoto ndio wametumwa kuwafukuza.

Tunawakuta wamesimama juani, mfuko wa plastiki kichwani, miguu ndani ya maji. Wengine wamepandishwa juu ya jukwaa la miti mitatu linaloyumba kama mlevi. Sezoni iliyopita tulimkuta mtoto mmoja amefungwa mkono: ufito mkavu ulikatika, akaanguka kutoka juu kuliko kichwa cha baba yake. Mama yake alituambia neno ambalo hatujalisahau: “Mutoto akivunjika, mupunga utamusaidia nini?”

Hatukuwa na jibu. Lakini tulirudi na swali: kama kazi hii haiwezi kuachwa, namna gani tutaifanya bila kumpoteza mtoto na bila kupoteza shule yake? Makala hii ndiyo jibu tulilopata pamoja na wakulima wenyewe. Tutaanza na zamu, kisha tutajenga kibanda, kile ambacho wengine wanaita dungu au ulingo.

KWANZA TUJUE NDEGE ANAKUJA SAA GANI

Ndege wadogo wanaokula mpunga hawana haja na shamba lenu muda wote. Wanakuja zaidi wakati punje ina maziwa: wanaiminya, wanakunywa maziwa, na suke linabaki jeupe, tupu. Punje ikianza kukauka wanaendelea kuila mpaka mavuno. Kwa hiyo kazi ya ulinzi inachukua majuma matano hivi, tangu maua yanapoisha mpaka siku ya kukata.

Katika siku moja pia wana saa zao. Wanashambulia kwa nguvu toka jua linapotoka mpaka saa tatu au saa nne ya asubuhi. Jua likiwa kali wanapumzika mitini. Wanarudi toka saa tisa mpaka jua linapokaribia kuzama.

Angalieni vizuri: saa mbaya kuliko zote ni asubuhi, na asubuhi ndiyo saa ya shule. Ndiyo maana tunasema wazi: zamu ya asubuhi ni ya watu wazima. Tangu mwaka wa masomo 2019, shule ya msingi ya serikali ni ya bure. Tena sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inayolinda mtoto inasema kila mtu aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na masomo ni haki yake. Mtoto anayekosa shule majuma matano, akirudi anakuta wenzake wamefika mbali. Mfuko wa mpunga aliookoa hauwezi kumrudishia masomo hayo.

KABLA YA KUKATA MTI, PANGENI ZAMU

Familia moja peke yake haiwezi. Familia sita zenye mashamba yanayopakana zinaweza. Hesabu ni hii: familia sita, siku sita. Kila familia inatoa mtu mzima mmoja kwa asubuhi moja ya juma, na watoto wawili kwa mchana mmoja wa juma. Siku ya Mungu mnapokezana. Kwa siku 35 za ulinzi, kila familia inalinda asubuhi sita hivi. Na mtoto, badala ya kulinda kila siku, analinda mara moja kwa juma, kisha kutoka shule na kula. Mtoto anayesoma mchana apewe zamu ya siku ambayo hana masomo.

Ili hesabu hiyo ifanye kazi, mnapashwa kupanda pamoja, katika juma moja, mbegu zinazokomaa sawa. Shamba linalotangulia peke yake linaita ndege wote wa eneo, na linalochelewa peke yake linamaliza nao. Mkipanda pamoja, ndege wanagawanyika na siku za ulinzi zinapungua. Paliliani pia magugu ya kwenye matuta: mbegu zake ni chakula cha ndege, zinawazoesha kukaa karibu.

VITU VINAVYOHITAJIKA

Kibanda kimoja cha watoto wawili kina sakafu ya mita 2 kwa mita 1.50. Sakafu iko mita 1.20 tu kutoka ardhini. Wazee wengine walituambia ni chini mno. Tuliwaomba wapime: mpunga una kimo cha mita 1 hivi, mtoto akikaa juu ya benchi, macho yake yanafika karibu mita 2. Anaona shamba lote. Kwenda juu zaidi hakuongezi kitu kwa macho, kunaongeza tu urefu wa kuanguka.

- Nguzo 2 za mbele, mita 3.40 kila moja
- Nguzo 2 za nyuma, mita 3.10
- Nguzo fupi 4 zenye panda juu, mita 1.80
- Mihimili 2 ya sakafu, mita 2.30
- Fito 25 za sakafu, mita 1.70, nene kama kifundo cha mkono
- Fito 6 za kukaza, mita 2.40
- Fito 12 za ukingo, mita 2.20
- Miti 2 ya paa ya mita 2.60, na fito 5 za mita 2.40
- Turubai, ile tunayoita bashi, ya mita 3 kwa 3
- Mikeka ya matete, kamba ya katani, na misumari ya sentimita 10

Nguzo ziwe na unene wa sentimita 10 hivi. Mkaratusi ni mzuri. Ondoeni maganda yote, sababu mchwa wanajificha chini yake. Msipake mguu wa nguzo mafuta machafu ya injini: yatashuka ndani ya maji ya shamba. Ubabueni kidogo kwa moto, inatosha.

KUJENGA KWA SIKU MOJA

1. Chagueni fasi kavu juu ya tuta pana, katikati ya mashamba ya familia sita, mbali na mti mrefu. Safisheni majani mita 3 kuzunguka, ili nyoka asipate fasi ya kujificha.

2. Elekezeni uso wa kibanda mashariki, na mgongo kwenye milima, upande wa magharibi. Watoto wanalinda mchana, na jua la saa kumi linatoka huko kwenye milima. Likiwapiga usoni, hawaoni ndege.

3. Chimbeni mashimo ya sentimita 60. Simamisheni nguzo nne za pembeni, shindilieni udongo na mawe. Kando ya kila nguzo simamisheni nguzo fupi yenye panda. Mihimili ya sakafu inalala ndani ya panda hizo, kisha inafungwa. Hapa ndipo wengi wanakosea: wanapigilia muhimili kwa musumari tu. Musumari ukichomoka, sakafu yote inashuka. Panda inabeba uzito hata kama kamba imelegea.

4. Kazeni miguu kwa fito zinazopishana kama alama ya msalaba ulioinama, upande wa mbele, wa nyuma na upande mmoja wa pembeni. Bila fito hizo kibanda kitayumba. Upande wa nne ni wa ngazi.

5. Pangeni fito za sakafu, nafasi ya vidole viwili katikati, mguu wa mtoto usipite. Fungeni kila ufito pande zote mbili. Tandikeni mkeka.

6. Wekeni ukingo wa fito tatu: sentimita 25, 50 na 90 kutoka sakafuni. Mtoto aliyekaa anaangalia kati ya ule wa 50 na ule wa 90. Kwenye mlango wekeni kijiti cha kufunga na kufungua.

7. Ngazi iwe na vidato kila sentimita 25, vilivyokaa ndani ya mikato ya mti na kufungwa. Miguu ya ngazi izikwe ardhini.

8. Paa linainuka mbele na kushuka nyuma. Vuteni bashi vizuri, maji yasikae katikati. Mkitumia nyasi, ongezeni nusu mita kwenye nguzo za mbele ili mvua iteremke haraka.

Mkimaliza, watu wazima wawili wapande na kutikisa kwa nguvu. Kikilia au kikiyumba, fungeni tena. Mtoto asipande mbele ya jaribio hilo. Na lirudiweni kila juma, sababu mti mbichi ukikauka unapungua na kamba inalegea.

MTOTO AKIKAA VIZURI, ANALINDA VIZURI

Benchi si anasa. Mtoto aliyechoka miguu anashuka, anaenda kucheza mferejini, na ndege wanakula. Wekeni benchi ya sentimita 30, miguu yake iguse sakafu. Ule ufito wa sentimita 50 utakuwa fasi ya kuegemeza mikono. Funikeni mgongo wa kibanda kwa mkeka, mbele na pembeni muache wazi upepo upite. Pigilieni kibao kidogo cha kuwekea daftari: katikati ya kundi moja na lingine la ndege kuna dakika za kusoma.

Maji ya kunywa yatoke nyumbani, ndani ya bidoni safi yenye kifuniko. Bidoni au chupa iliyowahi kubeba dawa ya shamba haioshwi ikawa safi. Isitumiwe kwa maji, wala mkebe wa dawa usitumiwe kupigia kelele.

Kwa kelele, fungeni mikebe ya nyanya yenye vijiwe ndani kwenye vijiti shambani, na kamba zake zote zifike kibandani. Mtoto anavuta akiwa amekaa. Kamba isizidi mita 40 hivi, la sivyo inakuwa nzito kwa mkono wake. Ndege wana akili: wakisikia kelele ile ile fasi ile ile, wanazoea. Hamisheni mikebe kila siku mbili au tatu, na watoto wavute ndege wanapotaka kutua, si muda wote. Kwa manati tunasema hapana: tumeona jiwe likikosa ndege na kupata jicho la jirani.

KANUNI SABA ZA KIBANDA

Moja: watoto ni wawili daima, si mmoja. Wawe na umri wa miaka 10 au zaidi, na mtu mzima awe karibu, fasi anapoweza kusikia filimbi yao.

Mbili: radi ikisikika, hata ya mbali, watoto wanashuka na kwenda nyumbani. Kibanda kinazuia jua na manyunyu, hakizuii radi. Kivu yetu si fasi ya kucheza na jambo hili: mwaka 2016 watafiti waliohesabu radi kwa satelaiti walionyesha kwamba Kabare ndiyo ya kwanza Afrika nzima, mimweko zaidi ya 200 kwa kilomita moja ya mraba kwa mwaka. Msingojee mvua ianze. Ndege nao wanajificha wakati wa dhoruba, kwa hiyo hakuna mpunga wa kuokoa saa hiyo.

Tatu: saa kumi na moja na nusu, kazi imeisha. Mbu wanaoleta malaria wanauma usiku. Hakuna mtoto anayelala kibandani. Ulinzi wa usiku, na wa kando ya mto wanapopita viboko, si kazi ya mtoto kamwe.

Nne: hakuna moto wala mbabula juu ya kibanda.

Tano: mbele ya kupanda, gongeni ngazi na sakafu kwa kijiti. Nyoka anapenda kivuli kama ninyi.

Sita: hakuna kuoga mferejini. Maji hayo yanaweza kubeba kichocho.

Saba: shamba likipigwa dawa, watoto hawaendi mpaka siku zilizoandikwa kwenye dawa zipite.

TUNAOMBA NINI KWENU

Kwenye mkutano ujao wa koperative, komite iandike majina ya familia sita sita, na ubandike karatasi ya zamu pale ghalani ambapo kila mtu anaiona. Andikeni pia majina ya watu wazima wa asubuhi, sababu hapo ndipo ahadi zinavunjika. Familia ikikosa zamu yake ilipe kwa kilo za mpunga mtakazokubaliana, ili aliyelinda badala yake asilie. Na moniteri wenu akague kibanda mbele ya masuke kutoka, si kisha.

Mkono wa yule mtoto umepona. Mama yake sasa yuko katika kundi la familia sita, na ndiye aliyetuomba tuandike vipimo hivi vyote ili wengine wasivikisie. Zamu yake ni ya Jumatatu asubuhi. Saa hiyo mwanawe yuko darasani.

Tunawatakia mavuno mema, na watoto wazima.