Rekodi za metali zilizochanganyika: kuanzia dhahabu ya Ituri

Dhahabu inayopita mikononi mwa wanunuzi wa Nyakasanza, hapa Bunia, haiko peke yake. Ndani yake mna fedha, ile metali nyeupe, iliyoingia humo tangu mwambani. Hata kwa darubini ya maabara huoni punje za fedha, kwa kuwa atomi zake zimekalia nafasi za atomi za dhahabu, moja huku, nyingine kule. Wataalamu huita hali hiyo myeyusho mango, na rekodi kadhaa kubwa za metali ni zake.

Zinazopatana kuliko zote. Dhahabu na fedha huchanganyika kwa kiwango chochote utakacho, kwa sababu atomi zao zimepangwa kwa mtindo mmoja na tofauti ya ukubwa wao haifiki asilimia 1. Mwingereza William Hume-Rothery, aliyepoteza usikivu kwa ugonjwa wa uti wa mgongo mwaka 1917, ndiye aliyeonyesha kwamba tofauti hiyo ikizidi asilimia 15, metali hazikubaliani sana.

Sugu kutenganishwa. Chukua dhahabu yenye sehemu moja ya fedha katika kumi, uichemshe katika asidi ya nitriki. Asidi hiyo hula fedha tupu bila taabu, lakini hapa inakwama. Uchafu wa nje unaondoka, fedha ya ndani inabaki, maana kila atomi yake imezingirwa na dhahabu isiyoguswa na asidi. Basi msafishaji huongeza fedha nyingine, hadi ifike kama sehemu tatu kwa moja ya dhahabu, akayeyusha upya. Hapo ndipo asidi hupata njia ya kupenya na kuitoa.

Mchimbaji anayeuza Bunia asikubali bei kwa kutazama rangi tu. Fedha huipausha dhahabu, shaba huirudishia wekundu, na jicho likadanganyika. Maji ni shahidi bora: gramu 10 za dhahabu safi, zikining'inizwa majini, hupungua gramu 0.52 kwenye mzani. Sehemu ya kumi ikiwa fedha, hupungua 0.56. Mzani unaosoma hadi gramu 0.01 huiona tofauti hiyo, mradi kipande hakina mapovu wala mawe ndani.

Bahili na mkarimu. Chuma hupokea kaboni takriban asilimia 2.1 kikiwa kwenye nyuzi 1147 za Selsiasi. Kikipoa hadi 727 na kubadili mpangilio wa atomi, huweza kushika asilimia 0.02 tu. Mhunzi anapozamisha panga jekundu majini, kaboni hukosa muda wa kutoka, ikanaswa ndani. Ugumu wa makali unatoka hapo.

Mlafi wa gesi ni paladi: Thomas Graham alionyesha mwaka 1866 kwamba humeza hidrojeni ya ujazo wa mara mamia kadhaa ya ujazo wake. Na asiyetanuka ni invari, chuma chenye nikeli asilimia 36. Joto huitanua kama sehemu moja ya kumi tu ya chuma cha kawaida. Ugunduzi huo ulimpa Charles Édouard Guillaume Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1920.

Isiyokubali kupasuka. Hii ndiyo inayonigusa zaidi. Mwaka 2022 watafiti wa maabara za Berkeley na Oak Ridge, Marekani, walitangaza aloi ya kromi, kobalti na nikeli, kila moja karibu theluthi, iliyoushinda mpasuko kuliko kitu chochote kilichowahi kupimwa. Kwenye baridi ya nyuzi 253 chini ya sifuri, ambapo vyuma vingi huvunjika kama kioo, yenyewe huzidi kuwa imara.

Walimu wa kemia na fizikia wa Bunia, wapeni wanafunzi habari hii, na muwaambie pia kwamba zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka katika nchi yetu, huko Lualaba na Haut-Katanga.