Mshahara wa Bruda Tabichi

"Elimu ni ufunguo wa maisha." Maneno haya hayakosi kwenye siku ya wazazi shuleni, na ni nadra kumpata mzazi anayeyapinga. Imani hiyo hupimwa pale karo inapodaiwa baada ya mvua kukosa, au posa ya binti inapoletwa nyumbani.

Katika kijiji cha Pwani, Njoro, kaunti ya Nakuru, kipimo hicho hakikuwa mbali. Shule ya upili ya kutwa ya Keriko ilihudumia familia maskini. Karibu thuluthi moja ya wanafunzi walikuwa yatima au wenye mzazi mmoja. Wengine walitembea kilomita 7 kufika darasani, kwa njia zisizopitika masika. Kompyuta ilikuwa moja.

Hapo ndipo alipofundisha Peter Tabichi, mwalimu wa hisabati na fizikia ambaye pia ni mtawa wa Kifransisko. Watawa hao huweka nadhiri ya ufukara, na yake ilionekana kila mwisho wa mwezi: asilimia 80 ya mshahara wake iliwaendea wahitaji. Intaneti ya shule ikisumbua, alikwenda saiba, akapakua masomo na kurudi nayo darasani. Mwanafunzi aliyekaribia kuacha shule alimfuata hadi kwao, na wazazi waliotaka kuoza binti mapema akakaa nao wakazungumza.

Amani nayo huhubiriwa sana Nakuru, hasa tangu ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Keriko ilikuwa na watoto wa makabila 7. Katika klabu ya amani walifanya midahalo, wakapanda miti na kuabudu pamoja.

Tarehe 24 Machi 2019, huko Dubai, Tabichi alipokea tuzo ya kimataifa ya ualimu, Global Teacher Prize, pamoja na dola milioni 1. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kuishinda, kati ya walimu 10,000 waliopendekezwa kutoka nchi 179.

Wanakijiji walikuwa wamekwisha kumpigia kura yao kabla ya majaji. Ndani ya miaka 3 idadi ya wanafunzi iliongezeka maradufu, ikafika 400. Mwaka 2017, wanafunzi 16 kati ya 59 waliendelea na masomo ya juu. Mwaka uliofuata wakawa 26. Wasichana, ambao baadhi yao wangekuwa wameshaolewa, wakaanza kuwapita wavulana kwenye mitihani.