Unguja hadi Pemba kwa ndege: kilomita 125, dakika ngapi?

Ukichukua mwendo wa ndege kubwa ya abiria, kilomita 800 na ushei kwa saa, ukapigia hesabu safari ya Unguja na Pemba, utapata dakika tisa. Hesabu haina kosa, ila ukiitegemea utamweka mwenyeji wako Chake Chake akikusubiri bure.

Tuanze na umbali, maana huo haubishaniwi. Uwanja wa Abeid Amani Karume uko nyuzi 6 na dakika 13 kusini mwa ikweta. Uwanja wa Pemba, nje kidogo ya mji wa Chake Chake, uko nyuzi 5 na dakika 15. Kila dakika ya latitudo ni maili moja ya baharini, yaani mita 1,852. Kwa hiyo Pemba iko kilomita 107 kaskazini zaidi, na kilomita 65 mashariki zaidi. Piga mstari wa mshazari: kilomita 125. Mstari huo unaiacha Unguja upande wa Kiwengwa, kisiwa cha Mnemba kinabaki kushoto, kisha ni bahari tupu mpaka kusini mwa Pemba.

Muda ndio wenye mambo. Njia hii imezoeleka kwa ndege ndogo kama Cessna Caravan, yenye injini moja na mwendo wa kilomita 300 hivi kwa saa. Hapo tunapata dakika 25, hewa ikiwa imetulia. Lakini hewa yetu hutulia lini? Msimu wa kaskazi, upepo unakuja usoni mwa anayekwenda Pemba. Ukivuma kwa kilomita 40 kwa saa, ndege inasogea juu ya bahari kwa 260 tu, na safari inakuwa dakika 29. Anayerudi Unguja siku hiyohiyo anasukumwa mgongoni, anatumia 22. Manahodha wa majahazi walilijua hilo karne nyingi kabla ya rubani wa kwanza.

Halafu kuna dakika za chini, ambazo abiria huzisahau. Muda wa kwenye ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoondoka maegeshoni hadi inapoegeshwa tena. Uwanja wa Karume una ndege kubwa, na ndege kubwa ikiruka huacha nyuma yake mizunguko ya hewa yenye nguvu ya kuibirua ndege ndogo. Caravan hungoja dakika mbili tatu mizunguko ipungue. Huo si uvivu wa rubani.

Je, ndege ya kasi ingesaidia? Kidogo mno. Ingekuwa haijamaliza kupanda, tayari inatakiwa kuanza kushuka. Isitoshe, njia ya kurukia ya Pemba ni kama kilomita moja na nusu, fupi kwa ndege nyingi kubwa za jeti. Basi ukiondoka saa tatu kamili, mwambie mwenyeji wako saa tatu na nusu.

La mwisho, ukitafuta safari mtandaoni angalia ni Pemba ipi. Iko nyingine Msumbiji, mji ulioitwa Porto Amélia enzi za Wareno. Kutoka Dar es Salaam, Pemba yetu ni kilomita 190 hivi. Ile ya Msumbiji inakaribia 700. Kabla ya kulipa, soma herufi tatu za uwanja: PMA ni Chake Chake, POL ni Msumbiji.