Je, Wajua? Serikali Inapomlipa Mtu Anunue Nyumba

Zawadi ya kwanza ilikuwa deni
Julai 2008, soko la nyumba Marekani likiwa limeporomoka, Rais George W. Bush alitia saini sheria iliyowapa wanaonunua nyumba ya kwanza nafuu ya kodi ya hadi dola 7,500. Kumbe zilikuwa za kurudishwa! Dola 500 kwa mwaka, miaka 15, bila riba, kuanzia kodi ya 2010. Aliyebaki katika nyumba ile ile alimaliza deni na kodi ya 2024, mtoto aliyezaliwa mwaka wa ununuzi akiwa na miaka 16.

Nafuu kubwa kuliko malipo ya awali
Februari 2009, chini ya Barack Obama, nafuu ilipanda hadi dola 8,000, na safari hii hakuna kurudisha mradi mtu akae humo miaka 3. Aliyedaiwa kodi ndogo kuliko hiyo alipewa tofauti mkononi. Sasa piga hesabu: mikopo ya nyumba iliyodhaminiwa na FHA, wakala wa serikali, ilidai malipo ya awali ya asilimia 3.5. Kwa nyumba ya dola 200,000 hizo ni dola 7,000 tu! Tatizo ni kwamba nafuu huja baada ya kununua, kwa hiyo baadhi ya majimbo yakaanza kuwakopesha wanunuzi fedha hizo mapema.

Mwombaji wa miaka 4
Wakaguzi wa serikali walikuta zaidi ya watoto 500 wameombewa nafuu ya kununua nyumba. Wadogo kabisa walikuwa na miaka 4. Tena wafungwa 1,295 walilipwa jumla ya dola milioni 9.1 kwa nyumba walizodai kununua wakiwa gerezani, na 241 kati yao walikuwa na kifungo cha maisha. Fedha zikitoka kwa haraka, ukaguzi hubaki nyuma.

Foleni ya Aprili, ukimya wa Julai
Hili ndilo linalonishangaza kuliko yote. Mwisho wa kusaini mkataba ili kupata nafuu hiyo ulikuwa 30 Aprili 2010, na watu wakakimbilia kununua. Mei, mauzo ya nyumba mpya yakaanguka kwa karibu theluthi. Julai, mauzo ya nyumba zilizokwisha kukaliwa yakashuka kwa zaidi ya robo ndani ya mwezi mmoja, kiwango cha chini kabisa tangu takwimu hizo zianze mwaka 1999. Ni kama kituo cha mafuta usiku wa kuamkia bei mpya: foleni hadi barabarani, kesho yake pampu hazina mtu, na magari ya mjini ni yale yale. Wengi walikuwa wanunuzi wa kesho waliovutwa waje leo.

Bei ilipumua, ikazama tena
Bei za nyumba zilipanda kidogo nafuu ilipokuwepo, kisha zikateremka hadi kugusa chini mwanzoni mwa 2012. Aliyenunua kwa pupa ili awahi dola 8,000 angeweza kuona thamani ya nyumba yake ikipungua kwa kiasi kikubwa kuliko hizo. Muuzaji naye si mjinga: akijua mnunuzi ana fedha za serikali, hana haraka ya kushusha bei.

Kenya: nafuu ipo, wenye kuifaidi wachache
Mkenya mwenye mkopo wa nyumba anaruhusiwa kutoa riba ya hadi shilingi 360,000 kwa mwaka kwenye mapato yake kabla ya kodi. Ila mikopo hiyo nchini kote ilikuwa takriban 30,000 tu mwishoni mwa 2023, katika nchi ya watu zaidi ya milioni 50. Anayejenga kwa akiba yake, msingi mwaka huu, kuta mwakani, mabati mwaka wa tatu, hana riba ya kutoa.