Si Kila Kizunguzungu ni Presha
Mama mmoja muuza vitenge aliletwa na mwanawe kwenye kliniki yetu ya masikio akiwa na mfuko wa dawa: za malaria, za kuongeza damu na za presha ambayo hakuna aliyempima. Hilo ndilo linaloniuma katika kazi hii. Nilimuuliza, “Mama, kinakushika ukifanya nini?” Akajibu papo hapo, “Nikijigeuza kitandani, daktari. Nyumba nzima inazunguka, nashikilia godoro.”

Ndani kabisa ya sikio mna mifereji mitatu yenye majimaji, inayoupasha ubongo habari za kila mgeuko wa kichwa. Jirani yake mna vichembe vya chokaa. Kwa umri, au baada ya kugongwa kichwa, baadhi hubanduka na kutumbukia mferejini. Ukigeuka, navyo huserereka, na ubongo huamini kuwa mwili unazunguka. Hakuna chanzo cha kizunguzungu kinachopatikana zaidi ya hiki, na kipimo cha damu hakikioni.

Kinachotakiwa ni kitanda tu. Nilimketisha, nikamgeuza kichwa kulia nyuzi 45, nikamlaza chali upesi, kichwa kikipita kidogo ukingo wa kitanda. Zikapita sekunde chache, kisha macho yakaanza kurukaruka na kujizungusha. Mama akanikamata mkono kwa nguvu. Kabla ya dakika kwisha yalitulia. Margaret Dix na Charles Hallpike wa London walikieleza kipimo hiki mwaka 1952. Tiba, yaani kugeuza kichwa hatua kwa hatua hadi vichembe vitoke mferejini, ilichapishwa na John Epley wa Marekani mwaka 1992. Nilimfanyia palepale.

Kizunguzungu cha saa kadhaa, sikio likivuma na usikivu ukififia, hunifanya nifikirie ugonjwa wa Ménière. Kikikaa siku kadhaa mfululizo baada ya mafua, huenda mshipa wa fahamu wa sikio umevimba. Huuliza pia kuhusu kwinini na sindano za streptomaisini, kwani zinaweza kuliumiza sikio la ndani. Anayeona giza akisimama ghafla, huyo ndiye apimwe presha na damu kwanza.

Lakini kikija ghafla pamoja na ulimi mzito, mdomo kwenda upande, kuona viwili viwili, mkono kulegea au kushindwa kabisa kusimama, msingoje siku ya kliniki. Huenda ni kiharusi. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, na mkumbuke dalili zilianza saa ngapi, maana daktari atauliza.